Leo Basi

Feni ilizima saa nane na dakika chache usiku. Haukuwa mgao, maana taa ya barazani kwa jirani ilikuwa bado inawaka. Ni luku yetu iliyokuwa imeisha. Mtu aliyelala angeligundua hilo alfajiri, kwa jasho. Mimi nilikuwa macho, nahesabu kwa mara ya nne fedha ambazo sikuwa nazo, nikayasikia mapanga ya feni yakipunguza mwendo, yakijikokota, yakasimama. Nikachukua simu ninunue umeme, nikaiona saa, na nikakumbuka kwamba ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo kukutana na saa nane. Hapo nikakubali kuwa mita haina kosa. Mwenye kosa alikuwa kitandani.

Natunza hesabu kwenye duka la jumla Kariakoo. Mchana naweza kukwambia bila kufungua daftari nani anadaiwa nini na tangu lini. Usiku kipaji hichohicho kinanigeukia. Mwaka huo nilikuwa nimechukua mkopo wa kikundi tupaue nyumba yetu ya Chanika, na marejesho yalikuwa kila Ijumaa, shilingi 85,000. Aliyewahi kuingia mikopo ya namna hiyo anajua kwa nini mtaani wameipa jina la kausha damu. Ikifika Jumanne usiku, mwili unabaki Tabata chini ya chandarua, akili inatangulia kwenye kikao cha Ijumaa na kukaa kiti cha mbele.

Mfanyakazi mwenzangu, binti mdogo mwenye roho nzuri, akanionea huruma. "Dada, unafumba macho kwenye kikokotoo," akaniambia, kisha akanitumia klipu ya sauti kwa WhatsApp. Mwanamke mwenye sauti nyororo, kinanda kikilia kwa mbali, anasema polepole na wewe unafuatisha: Mimi ni mtulivu. Mimi ni tajiri. Pesa inanifuata popote niendapo. Ninalala usingizi mzito. Dakika 30 nzima. Vijana wanaziita kauli chanya. Jirani yangu, ambaye ni mlokole, anaita kukiri, na kwake yeye haitoshi kuwaza moyoni, lazima utamke kwa kinywa na kwa sauti hadi adui asikie. Ukuta wetu ni mmoja, kwa hiyo tunasikia wote, adui na sisi.

Nikajaribu kwa nia safi. Nimezima taa, simu pembeni ya mto, nanong'ona nisimwamshe mwanangu anayelala kitanda cha pili.

"Mimi ni tajiri."

Moyo ukajibu: Ijumaa, 85,000.

"Pesa inanifuata popote niendapo."

Anayekufuata ni mwenyekiti wa kikundi.

"Mimi ni mtulivu."

Mbona umekunja vidole vya miguu?

Nilivumilia wiki mbili. Usiku wa mwisho nilimaliza klipu yote, nikaanza upya, na nilipofika kwenye usingizi mzito kwa mara ya tatu nikaanza kulia, tena kwa hasira. Nilijiona nimeshindwa hata jambo la kujisemea maneno mazuri, jambo ambalo halihitaji mtaji wala dhamana.

Baadaye sana, nikiwa nimeanza kulifuatilia jambo hili kwa ubishi wa mtunza hesabu, nilikutana na utafiti wa Joanne Wood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, uliochapishwa mwaka 2009. Waliwaweka watu waandike yaliyomo mawazoni mwao, na kila wakisikia kengele wajiambie kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa tayari wanajithamini walipata nafuu, tena kidogo. Wasiojithamini, ambao ndio hasa wanaouziwa kauli hizi, walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakujiambia lolote. Nilipousoma nilicheka peke yangu ndani ya daladala. Kumbe moyo wangu haukuwa mkorofi. Ulikuwa unafanya ukaguzi. Ukiliambia deni kwamba halipo, linakutolea risiti.

Kwa hiyo simcheki jirani yangu. Yeye anaposema "nimeshashinda" anaamini ameshashinda, na saa nne na nusu namsikia anakoroma kupitia ukutani. Kauli inamkuta imani ikiwa imeshakaa, inamsogezea mto tu. Kwangu ilikuwa inakuta nyumba imefungwa.

Ile ya "ninalala usingizi mzito" nayo ina kasoro ya peke yake. Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1987 aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila akiwajia akilini. Kengele zikalia kweli. Mwaka 1996 yeye na wenzake wakalihamishia jambo hilo kitandani: watu wakaambiwa wajitahidi kulala upesi iwezekanavyo, huku wanapigiwa muziki wa gwaride wa John Philip Sousa. Walichelewa kuliko waliopigiwa gwaride hilohilo wakaambiwa walale watakapopenda. Maelezo yake ni mepesi kwa mtu anayejua walinzi wa mtaani. Ukijiamuru kulala, kuna mlinzi ndani yako anatumwa akaangalie kama umelala. Anafika, anakuta uko macho, anapiga filimbi. Na mimi sikuhitaji kupigiwa gwaride. Ijumaa ilikuwa inatosha.

Sasa nije Tanga.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na shangazi anayeishi naye alikuwa na safari, kwa hiyo nikaomba likizo ya siku kumi nikamtilie dawa. Anakaa Ngamiani, kule ambako barabara zina namba badala ya majina, na chumba chake hakijabadilika tangu nikiwa mtoto: kitanda cha mninga, sanduku, feni ya kusimama, harufu ya udi uliofukizwa juzi. Daktari alimkataza kuinama, kwa hiyo alikuwa anasali ameketi. Dawa ya mwisho ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Nikishamtilia napanda kitanda cha kamba cha upande wa pili, nageukia ukutani, najifanya nimelala, kwa sababu mtu mwenye matatizo ya usingizi huwa anaona aibu mbele ya wazee.

Ndipo nikamsikia anavyolala. Nasema nikamsikia, maana utotoni nilikuwa nalala kabla yake na sikuwahi kujua kama kulala kwake ni kazi yenye hatua.

Kwanza analikung'uta tandiko kwa pindo la kanga. Hiyo ni sunna, na wengi wa pwani tumeiona kwa wakubwa bila kuuliza. Kisha anaketi ukingoni, anasoma Ayatul Kursiyu. Anasoma Kul-huwallahu na Kul-audhu mbili, anapuliza viganja, anajipangusa uso na mwili, na usiku ule alilizunguka jicho lenye bandeji kwa uangalifu kama mtu anayefagia pembezoni mwa mtoto aliyelala. Kisha analala ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, anaanza kuhesabu kwa viungo vya vidole: Subhanallah 33, Alhamdulillahi 33, Allahu Akbar 34.

Chuoni, yaani madrasa, tulifundishwa chanzo cha hesabu hiyo. Bi Fatma, binti wa Mtume (S.A.W.), mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kusaga, akaenda kumwomba baba yake mtumishi. Mtume akamjia usiku, yeye na Sayyidna Ali wakiwa wameshapanda kitandani, akawafundisha maneno hayo wayaseme wakati wa kulala, akawaambia ni bora kwao kuliko mtumishi. Nilipokuwa mdogo niliisikia hadithi hiyo kama mtu aliyenyimwa. Nikiwa na miaka 41, kwenye kitanda cha kamba, niliisikia vingine kabisa. Hakuna aliyemwambia Bi Fatma kwamba hajachoka. Hakuna aliyemtaka aseme kuwa mikono yake haiumi. Alipewa kitu cha kufungia siku, na siku yenyewe ikaachwa na uzito wake.

Lakini kilichonitoa machozi kilikuja baada ya tasbihi kwisha. Bibi akashusha pumzi, akaanza kusema na mtu, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

"We binti fulani," akasema, akitaja jina la baba yake. (Jina kapuni, bibi hapendi jina lake litembee.) "Leo basi. Mguu umekwenda, mkono umetenda, basi. Jicho litapona kwa siku zake, basi. Mwanao hajapiga simu, anajua pa kukupata, basi. Yule wa maandazi amekurudishia chenji pungufu, kesho utamwambia, basi. Mjukuu wako halali, anadhani hujui. Mungu anamwona, basi."

Halafu kimya. Nadhani haikuzidi dakika tano, akawa anapumua pumzi za mtu aliyekwisha kwenda zake.

Asubuhi nikampelekea chai. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umelala?"

"Nimelala. Bibi, jana usiku ulikuwa unasema na nani?"

"Na mwenye kitanda."

"Mwenye kitanda si ni wewe?"

"Sasa nisiseme naye?" Akapuliza chai yake. "Nyie huko Dar mkitoka kwa watu hamuagi? Siku nayo ni mgeni. Usipomsindikiza haondoki, anasimama mlangoni anaendelea kuongea."

Nilimwambia habari za klipu. Nilimfanyia na mfano, mimi ni tajiri, pesa inanifuata. Akaniangalia kwa jicho moja zima muda mrefu. "Unajidanganya usiku?" akauliza. "Mchana wote hauwatoshi?"

Nimelifikiria sana neno basi tangu siku hiyo. Tumelipokea kutoka ng'ambo ya bahari. Mwarabu, Mwajemi na Mhindi wote wanalo. Sisi tukaliongezea kazi mpaka limekuwa kama kibarua wa nyumba nzima. Linafunga ugomvi: basi, yaishe. Linafungua hadithi: basi siku moja sungura akaenda. Linakubali yasiyozuilika: haya basi. Linalipiwa hata nauli, ukihesabu na lile la Kizungu, la kwenda Tanga kutoka stendi ya Magufuli. Na kabla ya yote hayo, ndilo neno ambalo karibu kila mtoto wa Kiswahili alibembelezewa nalo. Mtoto akilia huambiwi umwambie kwamba yeye ni shujaa au kwamba jino haliumi. Unamchukua mgongoni, unampigapiga, unasema basi, basi, basi mama, yamekwisha, basi. Mara nyingi hayajaisha. Mtoto mwenyewe anajua. Analala hata hivyo.

Yaani sauti ya kutulizwa tunayo mwilini tangu hatujajua kusema, na mimi nilikuwa nimekwenda kuiazima kwenye klipu yenye kinanda.

Nilirudi Dar na daftari. Hapa nieleze nilivyofanya, maana rafiki zangu wakisikia habari hii huwa wanataka niwape maneno yenyewe wanakili, na mimi kunakili kulinikatalia. Wiki ya kwanza nilijaribu kusema ya bibi neno kwa neno. Mguu umekwenda, mkono umetenda. Kwa bibi ni kweli. Kwangu mimi ninayekaa kwenye kiti kwa saa tisa, mguu haukwenda popote, na mkaguzi wa ndani akalikamata hilo mara moja. Sentensi ya usiku lazima iwe ya kweli saa nane. Sentensi inayopita saa mbili usiku, ukiwa umeshiba na watu wanacheka sebuleni, bado haijajaribiwa.

Kwa hiyo nilianza kuziandika jioni kama hesabu na kuzisoma kwa jicho la adui. "Mambo yatakuwa mazuri" nikaifuta, nani kasema? "Nimelipa marejesho 14" nikaiacha, kuna kitabu na sahihi. "Mwanangu amekula, amelala" nikaiacha. "Hakuna wa kudai saa hizi" ilinipendeza kuliko zote, na inashangaza jinsi ilivyo kweli: kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi hakuna hata mwenyekiti wa kikundi anayefanya kazi. Deni nalo linalala. Niliyekuwa nalikesha ni mimi, bila malipo.

Za usingizi sikuziweka kabisa. Siku hizi sijiambii kwamba nitalala. Najiambia kwamba nimelala chini, jambo ambalo godoro linaweza kulitolea ushahidi.

Na ninajiita kwa jina. Hili nililichukua kwa bibi nikidhani ni mtindo wa wazee, kumbe Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha mwaka 2014 majaribio yanayoonyesha kwamba watu wanaojisemesha kwa jina lao, au kwa "wewe", kabla ya jambo la kutisha kama kuhutubia mbele ya watu, wanalikabili kwa wasiwasi mdogo kuliko wanaosema "mimi, mimi". Ukijiita jina unasogea kidogo kando, unakuwa kama shangazi anayekuja kukusemesha. Kiswahili kinasaidia zaidi, kwa sababu "we fulani" tayari ina sauti ya mtu mzima anayekupenda na hana muda wa mchezo.

Daftari lina kurasa za upande wa pili pia. Kabla ya maneno naandika ya kesho: kupiga simu kwa fundi wa bati, kununua karatasi za mtihani, kuuliza bei ya misumari, kumwambia baba watoto aliyeko kazini Mtwara kwamba fedha ya wiki hii ije Jumatano badala ya Alhamisi. Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, mwaka 2018 aliripoti jaribio la watu 57 waliolala maabara wakiwa wamefungwa vipimo. Nusu waliandika kwa dakika tano mambo wanayotakiwa kuyafanya siku zinazokuja, nusu wakaandika waliyoyamaliza. Walioandika ya mbele walisinzia mapema kwa dakika tisa hivi, na kadiri mtu alivyoandika kwa undani ndivyo alivyowahi. Mimi ningebashiri kinyume. Ningesema orodha ya madeni ni ya kumkesha mtu. Lakini nikikumbuka kazini, hesabu inayonisumbua ni ile ambayo haijaingizwa kitabuni; ikishaingia, hata kama ni hasara, naiacha ilale kwenye ukurasa wake.

Kwa hiyo mpangilio wangu, kama mtu analazimisha kuuita hivyo, ni daftari saa tatu na nusu, udhu, nyiradi zangu za tangu chuoni ambazo nilikuwa nimeziacha kwa miaka zikabaki za Ramadhani tu, kisha we fulani, leo basi. Zote hazifiki robo saa. Simu inalala jikoni, juu ya friji, na hilo lilikuwa gumu kuliko maneno yote.

Sitaki mtu adhani ninauza dawa. Kabla ya Tanga nilikwenda hospitali, na ningemshauri yeyote ambaye usingizi umemkataa kwa miezi afanye hivyo kwanza, hasa kama anaambiwa anakoroma na kukatika pumzi, au kama asubuhi haoni sababu ya kuamka. Daktari aliniuliza habari ya chai kuliko habari ya mawazo. Nikamjibu kwa fahari kwamba kahawa sinywi, chai ya rangi tu, ya mwisho saa kumi na moja jioni, nzito. Akaniambia kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, kwa hiyo saa nne usiku nusu ya chai ile huwa bado iko kazini. Nikajisikia mjinga wa aina yake. Akanipa pia kanuni ambayo asili yake ni Richard Bootzin, mwaka 1972: ukikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, ondoka, kaa pengine penye mwanga hafifu, rudi ukisinzia, ili kitanda kisizoee kuwa mahali pa kuhangaikia. Mahali pangu ni mkeka sebuleni, mgongo ukutani. Kuna usiku ambao maneno yanakataa kabisa, mara mbili au tatu kwa mwezi, na huo mkeka ndio unaonipokea. Hapo sisemi kitu. Nasikiliza friji.

Kuna mtu mmoja ninayemfikiria nikiwa pale mkekani. Émile Coué, mfamasia wa Ufaransa aliyezaliwa Troyes mwaka 1857 na kufariki 1926, ambaye watu walikuwa wanafunga safari kwenda kumwona mjini Nancy. Sentensi yake ilienea dunia nzima: kila siku, kwa kila hali, ninazidi kuwa na nafuu. Aliagiza isemwe mara 20 ukiamka na mara 20 ukipanda kitandani, midomo ikichezacheza, sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, na vidole vikihesabu kwenye kamba yenye mafundo 20. Bibi angeitambua kamba hiyo mara moja, angeuliza tu mbona mafundo ni machache. Na Coué alisisitiza jambo ambalo waliomfuata wamelisahau: usijikaze. Alisema ukijilazimisha umeshaharibu, kwa sababu utashi ukipambana na mawazo, mawazo ndiyo yanayoshinda. Sentensi yenyewe mimi siipendi, ina ahadi nyingi mno. Lakini kamba naielewa, na midomo naielewa, na ile sauti ya chini.

Mwanangu naye aliingia kwenye jambo hili kwa mlango wake. Ana miaka tisa, darasa la nne, na mwaka huo kulikuwa na mtihani wa taifa. Kwenye wiki za mwisho akaanza kuja kitandani kwangu usiku, tumbo linauma. Mimi, mwanafunzi wa bibi ambaye hajahitimu, nikamwandalia sentensi zangu nzuri. Nikamwambia tuseme pamoja: mimi ni hodari wa hesabu.

"Mama," akasema gizani, "mimi si hodari wa hesabu. Nilipata 19 kwa 50."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimemfanyia mwanangu yaleyale niliyofanyiwa na klipu, tena bila kinanda.

"Haya, wewe unataka useme nini?"

Akafikiri. Akaanza taratibu, kidole kimoja kimoja. "Basi shule. Basi hesabu. Basi sehemu zile za juu na za chini. Basi yule aliyeniita kinyago." Akasita. "Basi kinyago kweli, au niseme nimemsamehe?"

"Umemsamehe?"

"Bado."

"Basi sema bado."

"Bado kinyago. Basi tumbo. Basi mama." Akageuka upande. Nilibaki nimekaa, nashangaa kwamba nami nimo kwenye orodha ya vitu vinavyoagwa, na kwamba ni sawa kabisa, maana mtoto akilala inabidi amwache hata mama yake nje.

Siku hizi orodha yake ni ndefu kuliko yangu, na kuna jioni inaingiza paka wa jirani, wali wa jana na Simba kufungwa. Silizuii hata moja.

Nina jambo moja la kitaalamu nililokuwa nimelihifadhi kwa ajili ya bibi, na wiki iliyopita nikampigia kumpa. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake wa Italia walichapisha kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, majaribio waliyowafanyia watu wazima 23 wenye afya. Waliwapima wakisoma rozari kwa Kilatini, na wakisoma mantra ya yoga. Vyote viwili viliwashusha hadi pumzi kama sita kwa dakika, bila mtu kuwaambia wapumue polepole, na mapigo ya moyo na msukumo wa damu vikaanza kwenda pamoja nazo kwa mpangilio. Inaelekea zile sala za kurudiarudia, za dini zilizo mbalimbali, zimekatwa kwa urefu wa pumzi iliyotulia. Nilikuwa nimejaribu mwenyewe kwa saa ya ukutani: tasbihi ya bibi, akiisema kwa mwendo wake, sentensi zake za basi, kila moja na mkato wake. Inakaribia hapohapo.

Shangazi akampelekea simu. Shikamoo, marahaba mke mwenzangu, jicho zima, na la pili Mungu akipenda mwakani. Nikamweleza habari yote ya Waitaliano, polepole, bila kuruka kitu.

Akasikiliza hadi mwisho. "Hao watu," akasema, "walikuwa wanaumwa?"

"Hapana bibi, wazima."

"Sasa walikuwa wanatafuta nini?"

"Walitaka kujua moyo unafanya nini mtu akisoma."

"Mm." Nikasikia anahamisha simu sikio. "Na walilala?"

"Hawakupimwa kulala, bibi. Walipimwa pumzi na moyo."

"Wakarudishwa nyumbani macho?"

"Nadhani, bibi."

"Haya basi," akasema, na simu ikakatika. Sijui kama ni salio.